Kikaragosi cha Kanga ya Mama

Juzi mjukuu wangu, huyu anayeongoza darasani kila muhula, alinionyesha kwenye simu albamu nzima ya vikaragosi vinavyoimba nyimbo za watu. Mwenyewe alicheka, kisha akaniangalia. "Bibi, mbona unalia?"

Baba yangu naye alikuwa na kikaragosi. Alikishona kwa kanga ya mama baada ya kumzika, maana mimi nilikuwa nimegoma kula. Mchana mmoja alijificha nyuma ya kihenge cha mtama, akakiinua juu na kuimba nyimbo alizokuwa akiimba mama pale kwenye jiwe la kusagia. Kwetu Usukumani hizo ni nyimbo za wanawake, mwanaume haziimbi. Jirani alipita akacheka mpaka akashika kiuno. "Baba Kabula, umeanza lini kuvaa kanga?" Baba aliendelea kuimba kwa sauti nyembamba, nami nikamaliza ugali wote.

Mjinga mimi, nilidhani mama yumo humo ndani. Baba alipokwenda kunywesha ng'ombe ziwani, nilichukua kisu nikakipasua kikaragosi ili mama atoke. Ilitoka pamba tupu ya shambani, na mbegu zake. Kanga bado ilinukia moshi na samli, harufu ya mama.

Baba aliporudi nilijikunyata nikisubiri fimbo. Alikaa chini, akaanza kuokota ile pamba.

"Hata mimi nilikuwa namtafuta humo, mwanangu," akasema.

Hakuziimba tena nyimbo zile.