Jina Nililolichukua Bila Kuuliza

Naikumbuka vizuri, mwanangu, siku niliyolisikia jina Hanini kwa mara ya kwanza. Nilikuwa Sindo, mji mdogo wa ukingoni mwa ziwa, nimekaa na cherehani yangu kwenye baraza ya duka la Bwana Salim, nikishona sare ya shule. Ilikuwa saa sita kamili mchana. Zile mvua ndefu zilizotangulia Uhuru zilikuwa zimepumzika kidogo, na ziwa, ambalo lilikuwa likipanda kila wiki na kumeza mashamba ya watu, lilikuwa limetulia kabisa. Soko lilikuwa tupu. Ndipo sauti ya mwanamke ikaita kutoka nyuma ya nyumba, upande wa majini: "Hanini! Hanini!" Iliita taratibu, ikiivuta ile silabi ya mwisho, kama mama anayemwita mtoto aje kula.

Nilidhani ni Bi. Zuhura, mke wa Bwana Salim. Nani mwingine? Wao walikuwa watu wa Mombasa, Waislamu pekee pale sokoni, na jina lenyewe lilikuwa la kwao. Hawakuwa na mtoto. Nikasema moyoni, labda ana paka, au ana mgeni ndani. Sikuuliza. Nililirudia kimya kimya huku nikikanyaga cherehani, likakaa mdomoni kama kipande cha sukari nguru. Mwaka ule nililisikia mara tatu, kila mara saa sita mchana, na kila mara nikalipenda zaidi.

Kisha maji yakafika ua wa nyuma wa lile duka. Bwana Salim na mkewe wakafunga mizigo wakahamia Macalder, kuwauzia bidhaa wachimbaji wa mgodini. Mimi nikaolewa hapo hapo Sindo na kijana mvuvi aliyeitwa Odera, na mwaka uliofuata Uhuru nikajifungua binti. Alizaliwa jua likiwa utosini, kwa hiyo bila mjadala akawa Achieng, jina letu Wajaluo la binti wa saa za jua. Lakini kwetu mtoto huongezwa na jina la mtu wa ukoo aliyetangulia. Mama mkwe wangu alitaka apewe la dada yake marehemu. Mimi nilikuwa Msabato niliyesoma mpaka darasa la saba, na nilijiona nimeerevuka.

"Ataitwa Hanini," nikasema.

"Huyo ni nani?" mama mkwe akauliza. "Aliishi wapi? Alikufa kifo gani?"

"Si mtu, mama. Ni jina tu."

"Nyar Rodi," akasema, maana ndivyo wake wanavyoitwa kwetu, binti wa mahali walikotoka, na mimi nilitoka Rodi Kopany. "Hakuna jina tu. Umeingiza mtu nyumbani mwangu na humjui."

Nilicheka, mwanangu. Nakwambia ukweli, nilicheka.

Mtoto alipotimiza miezi miwili, mambo yakaanza. Kila siku saa sita mchana aliacha titi langu, akageuza kichwa kuelekea majini, na kutoa sauti. Si kilio. Kilio cha mtoto nakijua. Ilikuwa sauti nzito ya chini chini, ikitoka kifuani, isiyolingana kabisa na kifua kidogo vile. Ilidumu mpaka jua lipinde, kisha akalala kama mtu aliyetoka safari. Akaanza kukonda. Muuguzi wa zahanati alimpima, hakuona ugonjwa. Mchungaji wetu akaja akaomba, nami nikasema amina kwa nguvu zote, na kesho yake saa sita ikafika vilevile.

Siku moja nilikuwa uani na mama mkwe, yeye akianika samaki, mimi nimempakata mtoto. Sauti ikaita kutoka ziwani. Hakukuwa na mtumbwi, hakukuwa na mtu anayeteka maji. "Hanini!" Ilikuwa sauti ileile ya nyuma ya duka. Na mtoto wangu, aliyekuwa akiguna kama mnyama, akanyamaza, akageuza shingo, akatabasamu.

Samaki akamponyoka mama mkwe mkononi.

"Umesikia?" nikamwuliza. Nilitamani sana aseme hapana.

"Nimesikia. Huyo hamwiti mtoto wako. Anamwita wa kwake, na wako ndiye anayeitika."

Kesho yake alfajiri nilipanda lori la samaki wakavu, mtoto mgongoni, nikaenda Macalder kumtafuta Bi. Zuhura.

Nilimkuta dukani, amekonda, amejitanda kanga mbili ingawa kulikuwa na joto. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa furaha, akamchukua mtoto mikononi.

"Mashallah. Anaitwa nani?"

"Achieng."

"Na jina jingine?"

"Hanini."

Mikono yake ikakaza. Mtoto akamtazama usoni bila kupepesa.

"Nani amekwambia jina hilo?"

"Nilikusikia wewe, Bi. Zuhura. Ukiita nyuma ya duka, kule Sindo. Mara tatu."

Akakaa juu ya gunia la unga. Nje mitambo ya mgodi ilikuwa ikinguruma, lakini mle ndani nilisikia pumzi yake.

"Mwanangu," akasema, "jina hilo mimi sijalitamka tangu siku tuliyomzika mtoto wangu. Hata Salim hajalitamka. Tuliliogopa. Na unajua nyuma ya lile duka kulikuwa na nini? Kaburi lake. Alikuwa na miezi saba. Maji yalipanda yakalifunika, tukaondoka sikumuaga."

Nikamwuliza lile swali ambalo nilipaswa kumwuliza miaka mitatu kabla: jina hilo lina maana gani?

Akanieleza polepole. Babu yake alitoka Arabuni, na yeye ndiye aliyemfundisha neno hilo. Ngamia jike akitenganishwa na ndama wake, huguna kwa sauti ya ndani inayosikika mbali jangwani. Sauti hiyo Waarabu huiita hanini. Ni hamu ya mtu aliye mbali, ni kumtamani asiyerudi. Akaniambia pia wanavyosimulia Waislamu kuhusu kigogo cha mtende alichokuwa akikiegemea Mtume akihubiri. Siku alipokiacha na kupanda mimbari, kigogo kikalia mbele ya watu mpaka aliposhuka akakishika kwa mkono. Kilio cha kigogo kile nacho ni hanini.

"Hata kwetu pwani si jina la kila nyumba," akasema. "Wengi huogopa kumwita mtoto kilio. Mimi nilijifungua nikiwa peke yangu, mbali na mama yangu, nikampa mtoto upweke wangu auvae. Hilo ni kosa langu. Nawe ukasikia kilio ukadhani ni wimbo."

Maneno hayo aliyasema kwa upole, na ndiyo maana yaliniuma.

Aliomba ruhusa kwa mumewe turudi sote wawili Sindo. Njia nzima alimpakata mtoto yeye. Nilipomwomba nimnyonyeshe alinirudishia, kisha akamchukua tena kabla sijafunga vifungo. Sikupenda, lakini niliona haya kusema.

Tulifika kesho yake karibu na saa sita. Mama mkwe akatufuata hadi pale palipokuwa na duka. Kuta zilikuwa zimeshaanguka, na maji yalifika ilipokuwa baraza yangu. Bi. Zuhura akavua viatu. Akasema, "Ngoja nimwonyeshe mahali," akaingia majini na mtoto wangu mikononi.

Maji yakamfika magotini. Yakamfika kiunoni. Kanga yake ikaelea nyuma yake. Mtoto alikuwa kimya kabisa, na ziwa lilikuwa kimya. Nikamwita, "Hanini! Hanini!" kwa sauti iliyotoka kama mnong'ono, na kila nilipoita, Bi. Zuhura alipiga hatua moja mbele, kana kwamba ninamsukuma.

Mama mkwe alinifunika mdomo kwa kiganja chake chenye harufu ya samaki. Kisha akaita yeye, kwa sauti ya mwanamke aliyezoea kuwaita wavuvi kutoka mbali:

"Achieng! Achieng, nyathina, mwanangu, njoo nyumbani!"

Mtoto wangu akalia. Alilia kilio cha kawaida, cha hasira, cha mtoto mwenye njaa, akirusha miguu. Bi. Zuhura akashtuka kama mtu aliyeamshwa. Akatazama maji yaliyomfika kifuani, akageuka, akarudi, akaniwekea mtoto mikononi.

"Nisamehe," akasema. "Nilisahau ni nani niliyembeba."

Kisha akarudi ukingoni peke yake, maji yakiwa kwenye vifundo vya miguu. Akainua mikono, akaomba dua. Mwishoni akalitaja jina kwa sauti, mara moja tu. Akamwambia mtoto wake kwamba anamwacha kwa Mungu, kwamba hatamwita tena. Tukalia sote watatu: Muislamu, Msabato, na mama mkwe ambaye hakuwahi kubatizwa.

Tulipokuwa tukila, nikamwambia Bi. Zuhura kwamba nitamwondolea mtoto jina lile. Akakataa. "Sasa nalitoa mimi, kwa mkono wangu. Hanini ni hamu, lakini lina undugu na neno la huruma. Mfundishe hivyo. Na jina la saa yake, Achieng, lisiachwe kuitwa." Hivyo binti yangu akabaki Achieng Hanini. Saa sita ya siku iliyofuata ilipita akinyonya. Alinenepa, akakua, akawa mwalimu huko Migori, na ana wajukuu.

Sauti ile ilikuwa ya nani? Mchungaji alisema ni upepo wa ziwa. Mama mkwe alisema anajua lakini hasemi. Mimi sijui, na umri huu sioni haya kusema sijui.

Miaka ile hukuweza kulisikia jina hilo popote kati ya Homa Bay na Migori, isipokuwa kwa mtoto wangu. Siku hizi nikienda kliniki Homa Bay, muuguzi akiita Hanini, wanasimama akina mama wawili au watatu. Wengi si Waislamu, na ukiwauliza wamelipata wapi, wanasema kwenye simu, ni tamu. Nami huwaomba wakae kidogo niwaeleze. Wengine hucheka kama nilivyocheka. Siwalaumu.

Kwa hiyo nasaha yangu kwako ni hii, mwanangu. Ukitaka kumpa mtoto jina, uliza. Uliza limetoka wapi, lina maana gani, na nani alilibeba kabla yake. Likiwa la mtu aliye hai, mwombe. Likiwa la marehemu, wasikilize waliomzika. Usimvike mtoto huzuni yako ili upate mwenza wa kuibeba. Na wazee wakikuuliza swali linalokuchosha, usicheke kabla hujalijibu, hata kama umesoma kuwazidi.

Mungu akujalie watoto watakaoitika kwako. Akupe majirani wa kukusaidia kuwalea, na mdomo mwepesi wa kuuliza. Nyumba yako iwe na kelele za watoto walioshiba, na ufike umri wangu ukiwa bado unawataja wote kwa majina.