Mrija Niliomnyang'anya Baba

Wanasema nilimwaibisha baba yangu mbele ya wakwe. Waseme. Midomo ni yao, lakini mguu ulikuwa wa baba.

Miaka ile ya wakimbizi, soko letu la Mugoma lilijaa wafanyabiashara wa kila aina, na katikati yao akatokea bwana mmoja mwenye pakiti za dawa ya Kichina: majani, mizizi na maganda ya miti, vyote vikavu. Baba alikuwa ametoka kukatwa kidole cha mguu kwa ajili ya kisukari. Daktari wa hospitali ya kambini, ambako hata sisi wenyeji tulitibiwa, alimwambia wazi kwamba sukari ikipanda tena, kinachofuata ni mguu wenyewe. Na baba alikuwa mtu wa jembe.

Muuzaji alimweleza kwamba mwili wake umesahau kukitumia chakula unachopewa, na dawa ile ingeukumbusha. Ila alimpa na masharti: asiache vidonge vya hospitali, asiguse pombe wala juisi ya ndizi, na kila akimaliza kula atembee. Nesi aliposikia habari za majani alikunja uso. Akasema yakikutana na vidonge, sukari inaweza kushuka mpaka mtu azimie, basi baba awe anakuja kupimwa mara kwa mara. Akawa anakwenda. Sukari ikashuka taratibu, kidonda kikakauka. Ni vidonge, ni majani, ni kutembea au ni kuacha pombe, mimi sijui, na anayejidai anajua akamdanganye mwingine. Baba yeye aliliamini tu birika lake la kuchemshia majani, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Maana nilichumbiwa na kijana wa kijiji cha Kaniha. Kwetu, wakwe huja na mtungi wa pombe ya ndizi, na baba wa binti ndiye huvuta mrija kwanza. Asipovuta, hakuna uchumba. Tena si kuonja, ni kunywa mpaka wazee waridhike, na baba yangu namfahamu, akianza haachi. Nilimsihi amwachie baba mkubwa, kaka yake, avute kwa niaba yake. Baba mkubwa akafoka kwamba jambo hilo halina mwakilishi, na kwamba dawa ya Kichina ina nguvu, mtungi mmoja utaifanya nini. Baba naye akaitikia. Nililia kwa hasira siku hiyo.

Wakwe walipokuja nilitakiwa nikae ndani na mashangazi, nimejifunika khanga, kimya. Dirishani nikamwona baba anainama, mrija u karibu na midomo. Nikasema moyoni, potelea mbali huo uchumba. Nilitoka na khanga yangu kichwani, nikawaamkia wazee wote shikamoo, maana adabu ninayo, kisha nikauchukua mrija mkononi mwa baba nikavuta mimi. Nikavuta tena. Pombe ilikuwa bado changa, tamu kama asali.

Hakuna aliyeitikia marahaba. Mshenga akasema binti anayemnyang'anya baba yake mrija atampanda mumewe kichwani. Nikamjibu.

"Kama mnataka mke, mimi hapa. Mguu wa baba haumo kwenye mahari."

Nilijua baba atanipiga. Badala yake akamwagiza shangazi alete birika. Akamimina dawa yake kikombeni, nyeusi tititi, akanywa nusu, akampa kikombe baba wa kijana.

"Mimi siku hizi nakunywa hiki," alisema. "Anayetaka undugu nami, anywe hiki."

Mkwe alikunywa. Uso ukamkunjamana, machozi yakamlengalenga, akauliza kwa upole kama hapa nyumbani hakuna sukari. Kule ndani mashangazi walicheka mpaka wakasahau kwamba wamenikasirikia.

Baba mkubwa hakuja harusini, na hadi leo upande wake wananiita mnyang'anyi. Ndiyo, nilinyang'anya, na ningenyang'anya tena. Njia ya kanisani kwetu ni mlima mtupu. Baba aliupanda amenishika mkono, kwa miguu yake miwili, na aliyeomba tupumzike kidogo ni mimi.