Kindi Aliyelia Siku ya Hitima

Nasriya, mwalimu mstaafu wa jiografia anayeishi Sidab, kijiji cha pwani karibu na Maskati, alirithi kwa mama yake wajibu wa kuwalisha ndege. Mama, aliyezaliwa Unguja na kuzikwa Maskati, alikuwa akimwaga mtama na mabaki ya wali juu ya ukuta wa ua baada ya sala ya alfajiri. Alipofariki, Nasriya alitia nia kwamba chakula hicho kiwe sadaka ya mama. Aliona ukuta haustahiki heshima hiyo, akanunua kisahani chenye paa na kukitundika kwenye mkunazi.

Walikuja shore na njiwa. Kisha akaja kindi mdogo mwenye mistari mgongoni, ambaye majirani hawakubaliani alifikaje Sidab. Alikuwa akining'inia miguu juu, akikomba kisahani chote, huku shore wakimpigia kelele kutoka kwenye kamba ya nguo.

Dada mkubwa wa Nasriya, Hamdiya, alilifurahia sana tamasha hilo.

"Wewe ulitia nia ya ndege," alimwambia siku moja wakinywa kahawa, "na anayeshiba ni huyu mwenye mkia."

"Usinichezee, Dada. Hii sadaka ya mama."

"Basi mwambie yeye. Labda hana habari."

Nasriya hakucheka. Alikwisha kuamini kwamba kila punje aliyokula kindi ameporwa mama kaburini. Siku moja kabla ya hitima ya mwaka, alipaka gundi ya panya kwenye tawi.

Kesho yake wanawake walijaa sebuleni, udi ukafukizwa, juzuu zikagawiwa. Nasriya alikuwa katikati ya juzuu yake iliposikika sauti nyembamba uani, ikakatika, ikaanza tena. Aliijua papo hapo.

"Nini hicho?" aliuliza Hamdiya.

"Mlango wa uani. Bawaba zimekauka."

Alilisema hilo juzuu ikiwa wazi mapajani, mbele ya watu waliokuja kumwombea mama yake. Aliendelea kusoma, lakini macho yalipita juu ya aya bila kuona kitu. Kilio alikivumilia; kilipoanza kufifia, alishindwa. Alifunga juzuu, akachukua chupa ya mafuta jikoni, akatoka.

Kindi alikuwa amenasa tumbo na miguu ya mbele, na kila alipojivuta manyoya yaling'oka. Nasriya alimmiminia mafuta, akambandua kidogo kidogo. Aling'atwa, hakuondoa mkono. Kindi alipochopoka, alipanda ukuta akiburura mguu mmoja, akatoweka.

Hamdiya alikuwa amesimama nyuma yake.

"Nilikuona na chupa, nikadhani unakwenda kuutia mafuta mlango." Alitazama manyoya yaliyobaki kwenye gundi. "Mama alikuwa hafukuzi hata kunguru."

"Nnajua."

"Na mimi nilikuwa nnakutania tu."

"Nnajua, Dada."

Ndani, usomaji ulikuwa umekwisha. Dua ilimngoja yeye, mwenye hitima. Jirani mmoja mzee alimsogezea nafasi kwenye mkeka.

"Haya, mwanangu, keti. Umeshautengeneza mlango?"

Mikono ya wanawake ilikuwa imekwisha kuinuliwa. Yake ilikuwa na mafuta na damu, akaificha ndani ya kanga, kisha akaitoa.

"Haukuwa mlango," alisema, akabaki amesimama. "Shusheni mikono kwanza, nikwambieni nilichokifanya."