Mistari Minane ya Rangi Nyeupe

Hadi leo, ukitaka tukosane, niambie kwamba Landrova ya Mzee Hamdani iliharibiwa na mkimbizi. Nimeshasusa vijiwe viwili vya kahawa vya Kasingirima, hapa Ujiji, kwa sababu ya maneno hayo, na kimoja niliondoka nikiwa nimemwaga kahawa ya mtu.

Mkimbizi huyo alikuwa na jina. Aliitwa Heritier, fundi magari wa Uvira, aliyevuka ziwa mwaka tisini na sita vita vilipopamba moto kwao. Katika purukushani za kupanda boti alipotezana na mkewe, Elida. Wenzake walipelekwa kambini, yeye akabaki Ujiji bila kibali, akilala kwenye stoo ya Mzee Hamdani. Alibaki kwa sababu moja tu: kila asubuhi alishuka Kibirizi kutazama boti zinazofika, kama Elida yumo, ndipo aje kazini. Sote tulilijua hilo, na Mzee Hamdani, mwenye gari, alilijua kuliko sisi.

Mimi, Filemoni, ndiye niliyekuwa dereva. Tulikuwa tukibeba magunia na watu hadi Kasulu, na Mzee kwa tamaa yake akaagiza gari liinuliwe nyuma ili libebe zaidi. Mchomeleaji mmoja akapachika vipande vya chuma kati ya springi na ekseli, kavikata ovyo kama anakata muhogo. Tangu siku hiyo gari likawa linatetemeka hadi meno yanagongana, linakwenda upande kama kaa, na krosi, vile viungo vya propela shafti inayopeleka nguvu ya injini nyuma, zinakatika kila baada ya wiki mbili. Mafundi watatu, watatu wazima, walibadilisha krosi. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza kwa nini zinakatika.

Heritier alilala chini ya gari kidogo tu, akatoka amekasirika.

"Wanabadilisha krosi bure," alisema. "Ponti iko naangalia chini."

Ponti kwao ndiyo ekseli. Alivitoa vile vipande akavitupa mbali. Akaazima pima maji ya mwashi, akaiweka kwenye uso wa gia boksi, kisha kwenye uso wa difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli, akanionyesha kwamba nyuso hizo mbili, zinazotakiwa kulala sambamba, zimepishana. Akachonga kabari mbili kwa tupa, akazipachika juu ya ekseli, upande mnene ukiwa nyuma, hadi pua ya difu ikainuka. Halafu akavuta uzi wa nyavu kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma, kulia na kushoto, akaisogeza ekseli kidogo kidogo mpaka magurudumu yakafuatana. Kazi ya siku mbili. Tulipolijaribu gari nilisikia redio yake vizuri kwa mara ya kwanza.

Mwisho alikaza nati nane za yubolti, zile zinazofunga ekseli kwenye springi. Akachukua rangi nyeupe ya mitumbwi, akapiga mstari kwenye kila nati, ukaendelea hadi kwenye bamba lililo chini yake.

"Kaka Filemoni, ukienda Kasulu ukarudi, ukaze tena zote. Chuma itakuwa imekaa. Ukikaza, mstari itakatika. Nitajua umekaza."

Nitajua! Neno hilo lilinichoma. Mimi, dereva wa miaka kumi na minane, nikaguliwe kwa rangi na mtu anayelala stoo? Nilikwenda Kasulu nikarudi, spana iko chini ya kiti changu, na sikukaza.

Safari ya nne yubolti zikaachia. Ekseli ikajipindua, propela shafti ikakatika na kutoboa sakafu, ikamvunja mguu mama mmoja aliyekuwa amekaa nyuma. Gari likavutwa hadi uani kwa Mzee. Kabla mtu yeyote hajafika niliingia chini. Ile mistari ilikuwa imenyooka vilevile, yote minane: hakuna nati iliyokazwa tena. Nikachukua msasa nikaifuta.

Heritier alipokuja alikaa chini ya gari muda mrefu. Alipotoka hakumtazama Mzee, alinitazama mimi.

"Kaka, ulikaza?"

"Nilikaza," nikasema.

Akaonyesha kwa kidole chuma kilichokuwa kinang'aa palipofutwa rangi. Mzee Hamdani hata hakuinama kuangalia. "Mkimbizi ameniulia gari!" alifoka, na kesho yake akaenda mwenyewe polisi kutoa taarifa kwamba kuna mtu anaishi mjini bila kibali. Yeye, aliyempa stoo na kumtumikisha mwaka mzima! Walimchukua Heritier alfajiri, kabla hajashuka Kibirizi, wakampeleka kambini. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, mdomo nimeufunga, na ningekutana leo na yule Filemoni wa siku ile ningemzaba kofi.

Wiki tatu baadaye Elida alishuka kwenye boti. Huko ng'ambo alikuwa ameambiwa kwamba mumewe hufika Kibirizi kila asubuhi, basi akakaa mchangani siku mbili, akimtazama usoni kila mwanamume anayepita. Siku ya tatu wapagazi wakamleta kwangu uani, miguu imevimba, ameshika kifurushi cha nguo.

Nikamwambia mumewe yuko kambini.

"Alikosea nini?" akauliza.

"Yubolti zililegea, shemeji," nikajibu.

Akaniambia asante.