Testa ya Mama Emilia

Saa mbili asubuhi, katika ofisi mpya ya mnunuzi wa korosho mjini Newala, Valeria Benedikto amesimama juu ya meza, mkononi ana kidude cha plastiki chenye ukubwa wa pakiti ya sigara. Amekichomeka kwenye ncha ya waya unaoshuka kutoka darini. Chumba cha pili, fundi seremala Anthony Gasper ameshika kipande pacha cha kidude hicho, anasoma taa zinavyowaka.

"Moja," anaita Anthony. "Mbili. Tatu."

Anafika nane. "Zimefuatana zote, Mama Emilia."

"Basi funga dari, Baba Kurwa."

Ndipo nyundo inaanza kulia. Kwa mafundi hawa wawili, msumari haugusi ubao kabla waya haujapimwa. Kanuni hiyo waliipata kwa taabu, mwaka jana, mjini Masasi.

Valeria, mama wa Emilia, mwenye umri wa miaka 34, ni mzaliwa wa Mnyambe. Alianza kwa kutengeneza simu za mkononi, wakati kampuni binafsi ziliposimika minara na kila mwenye gunia la korosho akataka simu. Baadaye akasomea kompyuta Mtwara kwa miezi mitatu. Hivyo Nickson, mfanyabiashara kutoka Moshi, alipoamua kufungua intaneti kafe Masasi, alimpa Valeria kazi ya kuunganisha kompyuta nane.

Siku ya kuwasha, tano zilipata mtandao. Tatu zilikaa kimya, na dari lilikuwa limeshafungwa na kupakwa rangi.

"Nilibadilisha plagi za ncha zote mbili, nikahamisha kompyuta, wapi," anasimulia Valeria. "Nilikuwa kama mganga anayetibu homa bila kumgusa mgonjwa."

Anthony, aliyefunga dari lile, aliposikia huenda likabomolewa alikuja juu. "Nilimwambia mimi yangu nimemaliza, naye amalize yake," anakumbuka, akitabasamu kwa haya.

Nickson hakufoka. Alimwambia tu, "Dada, wateja wananiuliza nafungua lini. Jumatatu ikifika hivi hivi, namleta fundi kutoka Dar."

Valeria alijua maana yake. Masasi si kubwa. Fundi akiletwa kutoka Dar kurekebisha kazi yako, hakuna atakayekuita tena.

Akachukua shilingi elfu sitini alizoweka kwa ajili ya bati za jiko, akapanda basi la Mtwara kutafuta testa, kipimo cha waya za mtandao. Mkobani alibeba vipande vitatu vya waya alivyovitengeneza mwenyewe: kimoja kizima, kimoja kimekatika uzi mmoja ndani, na kimoja nyuzi zake mbili zimepishana.

Dukani, muuzaji wa makamo aitwaye Cecil alimpangia testa tatu. Ya elfu kumi na mbili ilikuwa na taa moja ya kijani. Ya elfu thelathini na tano ilikuwa na taa nane kila upande, na kipande chake kimoja huchomolewa kupimia ncha ya pili ya waya. Ya tatu ilikuwa na kioo kinachoandika waya umekatikia umbali gani. Bei yake laki mbili na nusu.

"Chukua hii ya kioo, dada, utanilipa kidogo kidogo," alisema Cecil.

"Asante kaka. Niazime kwanza kaunta yako."

Valeria akatoa waya zake. Testa ya bei ndogo iliwaka kijani kwa waya mzima, ikawaka pia kwa waya uliopishana. "Hii inamsifu kila mtu," akasema, akairudisha. Ya pili iliruka taa moja kwenye waya uliokatika, na kwenye uliopishana taa zikawaka nje ya mpangilio. Ya tatu ilijua zaidi ya hapo.

"Niliitamani kama nguo ya sikukuu," anakiri. "Lakini nilichotaka kujua ni waya upi mbovu na uzi upi haufiki. Ya pili ilinijibu, na nauli ya kurudi ilibaki."

Jumapili alimwomba Anthony amshikie kipande cha pili. Alikuja amenuna. Waya za zile kompyuta tatu zilikosa taa. Testa haikusema wapi, basi Valeria akauliza: ni wapi waya hizi tatu zinapita pamoja, bila zile nyingine?

"Juu ya mlango," alijibu Anthony. "Pale ubao ulipinda. Nilipiga msumari mrefu."

Alibandua ubao mmoja tu. Msumari ulikuwa umepenya katikati ya waya zote tatu.

"Alishuka kwenye ngazi," anasema Valeria. "Akaniuliza, 'Nikushikie wapi tena?'"

Jumatatu kafe ilifunguliwa. Tangu hapo Nickson amewaelekeza kwao wateja kadhaa, na msimu wa korosho ukiwa mzuri Valeria hupata hadi laki moja na nusu kwa mwezi. Huwaeleza mapema mpaka wa kipimo chake: "Kinaniambia waya umefika. Mtandao utakimbia vipi, hicho hakijui."

Sasa shule moja ya Mkunya imemwita akaangalie chumba chao cha kompyuta, naye anatafuta chumba cha kupanga Newala, afungue ofisi yake.

Mama yake, Dorika, mkulima wa Mnyambe, alipopewa habari hiyo aliuliza jambo moja. "Kibao cha mlangoni kitaandikwa jina la nani?"

"Langu, mama."

"Basi liandike kubwa. Lionekane kutoka stendi."