Maji ya Kuoga ya Mzee Kioko

Kule landhi, nyumba za wafanyakazi wa reli, alikokulia Jael, kila mke wa dereva aliijua honi ya mumewe. Vichwa vya gari la moshi vilikuwa vile vile, lakini mikono ilitofautiana. Babake, Kioko, alikuwa na yake: akiingia kisiwani pale Makupa, huvuta moja ndefu, mbili fupi za harakaharaka, kisha ndefu nyingine aliyoikata ghafla, kama mtu aliyekumbuka jambo. Mamake Jael akiisikia tu, hubandika maji jikoni. Kioko hufika masizi yamemjaa, meno na macho ndiyo yanayoonekana, akakuta ndoo inafuka mlangoni mwa bafu.

Kioko amekufa zamani. Mkewe, Ndinda, sasa anakaa na Jael katika chumba cha kupanga huko Bondeni, na Jael hukaanga viazi karai Mwembe Tayari, akiwauzia abiria wa mabasi ya bara. Akili ya mama ilimtoka kidogo kidogo. Yalianza kumpotea majina ya majirani, ikafuata njia ya msalani, mwisho akawa Jael mwenyewe. Siku hizi humwita "dada", na humshukuru kwa kila kijiko cha uji, shukrani za mgeni kwa mwenyeji. Hizo shukrani ndizo zilizomuuma Jael kuliko lolote.

Basi aliposikia kwamba kichwa kimoja cha mvuke, katika vile alivyoendesha babake, kimefufuliwa na kitaletwa stesheni Jumamosi, hakuwaza kwenda kukitazama. Aliwaza honi. Huenda mama akiisikia akamtambua, amwite jina lake, hata mara moja.

Jirani yao Swabaha aliwaona wakitoka, mama kajitanda leso mpya.

"Na viazi je? Wateja wapande mabasi na njaa?"

"Wacha wakonde leo."

Swabaha akacheka, kisha akamtazama mama, akaacha. "Shoga, usijitie tamaa sana."

"Nampeleka asikie tu."

"Haya. Mngu awafungulie."

Stesheni watu walijaa wakipiga picha. Kichwa kilipakwa rangi kikang'aa, safi kuliko siku yoyote ya utoto wa Jael, lakini harufu ilikuwa ile ile, mvuke na mafuta mazito. Akamkalisha mama kwenye benchi, akamwendea dereva, kijana aliyeitwa Odera.

"Mwanangu, babangu aliendesha hiki. Nipigie honi yake, nitakuonyesha ilivyokuwa."

Odera akainama dirishani. "Imba, mama."

Jael akaiimba kwa mdomo mbele za watu. Wasichana wawili wakachekeana. Odera hakucheka. Alishika kamba, akavuta moja ndefu, mbili fupi, na ile ya mwisho akaikata.

Mama akasimama. Uso uliolala miezi yote ukaamka. Jael akamkimbilia.

"Mama."

"Nipishe, dada. Mume wangu ameshaingia Makupa na maji sijabandika." Akamshika mkono, akashusha sauti. "Na Jael wangu nimemwacha peke yake nyumbani. Mwoga yule, atalia. Hukumwona?"

Jina lilitamkwa, wazi kabisa, kwa sauti ile ya landhi. Jael akasimama nalo.

"Nimemwona," alisema. "Halii."

Nyumbani mama hakukubali kukaa mpaka sufuria iwe jikoni. Maji yakachemka, Jael akayamimina kwenye ndoo, akaiweka mlangoni. Mama akaketi kando ya ndoo, leso mabegani, akitazama njia. Swabaha alikuja na maneno mdomoni, akaiona ndoo, akapita zake.

Maji yakapoa.

"Leo amekawia," mama akasema.

"Gari limechelewa Voi, mama."

"Ahsante, dada."

Jael akainua ndoo, akayarudisha maji jikoni yapate moto tena.