Ng'ombe Aliyeitwa Makaa

Kuna asubuhi moja, mwanangu, ambayo bado inanijia ninaposinzia hapa kibarazani. Ukungu umelala juu ya kinamasi kule nyumbani kwa baba, Mulanda, upande wa Uganda, na ng'ombe wanatokea ndani yake polepole, kwanza pembe, halafu mgongo, halafu miguu. Mimi nimesimama mlangoni mwa jiko la mama, msichana aliyeolewa na kurudishwa kwao, na sijui kama jua litazama nikiwa bado mke wa mtu.

Nakuhadithia haya kwa sababu umesema unataka kuweka ng'ombe wa nyama pale bondeni kwetu. Umenionyesha kwenye simu mafahali wa watu, wanene, ngozi inang'aa, nami nimefurahi. Umezungumza habari za ua, za soko, hata za lori la kuwabebea. Udongo hukuutaja hata mara moja, ndiyo maana nimekukalisha.

Unajua niliolewa Busia, upande wa Kenya, kwa Wasamia. Wakwe hawakujua Kidhopadhola, lugha yetu, na sisi hatukujua lugha yao, kwa hiyo posa, utani na hata ugomvi vyote vilipita kwenye Kiswahili, kila mtu na chake. Baba mkwe alileta ng'ombe wa mahari, na mmoja wao alikuwa fahali mweusi tititi. Baba alimpenda fahali yule kuliko alivyonipenda mimi. Nasema kwa utani, lakini si utani sana. Alitaka amzalishie ndama wa kunenepesha na kupeleka mnadani. Mimi nikaenda zangu kwa Wandera, mume wangu, na nilikuwa na raha kwake, sitaki kukuficha.

Zaidi ya mwaka ukapita, kisha nikaitwa nyumbani haraka. Nilivuka mpaka nikidhani kuna msiba. Kumbe ni fahali. Alikuwa amebadilika rangi, amekuwa mwekundu kama kutu, na baba mdogo Owor alikuwa amewajaza watu maneno kwamba wakwe walitubadilishia mnyama njiani. Baba akaniambia nisirudi Busia. Wakwe wataitwa waeleze, na wasipoeleza vizuri, ng'ombe wao watarudishwa na ndoa itakuwa imekwisha. Nilimpenda Wandera, mwanangu. Nililia hadi macho yakavimba.

Ndiyo ile asubuhi sasa. Wakwe walitazamiwa siku ileile. Niliwatazama ng'ombe wakipanda kutoka kinamasini, nikamtafuta Makaa. Huyo alikuwa ng'ombe jike niliyemlea tangu ndama, na jina lile nilimpa mimi kwa sababu ya weusi wake. Sikumwona. Nikamuuliza mama kama ameuzwa.

"Si huyo mbele yako?" mama akasema, akaendelea kuchochea moto.

Mbele yangu alisimama ng'ombe wa rangi ya chai ya rangi, amekonda, na kuzunguka macho manyoya yamepauka kama mtu aliyevaa miwani. Alikuwa akiulamba ukuta wa jiko. Nikaita, "Makaa." Akageuka, akaja, akanisukuma kiganja kwa pua yake yenye unyevu kama alivyozoea zamani, na nikaiona ile pembe yake iliyovunjika ncha. Walimwona kila siku, wakamkamua kila siku, na weusi ulikuwa umemtoka kidogokidogo bila mtu hata mmoja kugundua. Mimi nilikuwa nimetoka mbali, ndiyo maana niliona.

Wakwe walipofika waliketishwa, pombe ya wimbi ikaletwa na mirija yake, lakini hakuna aliyeigusa. Baba mdogo Owor hakungoja.

"Hii ng'ombe si ile tulipokea," akasema. "Ile ilikuwa nyeusi. Nyinyi mulipaka hii oili ya gari, sasa mvua imeosha."

Baba mkwe aliinuka. Kisha akashika fimbo yake. "Kama mmetuona sisi ni wezi, hakuna haja ya kukaa. Kijana wetu atatafuta mke mahali pengine." Wandera alikuwa ameinama, anatazama miguu yake.

Binti hakuruhusiwa kusema katika kikao kama kile. Nikaenda nyuma ya jiko, nikamfunga Makaa kamba, nikamwingiza katikati ya uwanja hadi alipokaribia kuukanyaga mtungi wa pombe. Nikapiga magoti mbele ya baba. Nikasema kwa Kiswahili, ili watu wote wasikie: "Baba, na huyu alibadilishwa na nani?"

Baba alisimama. Akaishika ile pembe iliyovunjika, akapitisha mkono shingoni, akaachia. "Hii ni Makaa," akasema taratibu. "Ilizaliwa hapa kwangu. Hii imekuwa hivi lini?" Baba mkwe akaketi tena.

Waliitwa watu wa mifugo kutoka Tororo. Daktari alichukua damu, akashuka hadi kinamasini, akang'oa nyasi, akauliza samadi ya zizi inaenda wapi. Yote inaenda kwenye mihogo na wimbi, baba akamwambia. Majibu yalipokuja alitueleza kwamba ng'ombe anahitaji madini ya shaba, kiasi kidogo mno, na asipoyapata rangi humtoka, hukonda, hata mimba hazishiki. Kwenye nyasi zetu za majimaji kulikuwa na madini mengine yanayoifunga shaba, hivyo hata ile kidogo ilipita tumboni bila kumfaa. Na malisho yale yalikuwa yameliwa miaka na miaka bila kurudishiwa kitu. Akamwagiza baba chumvi ya ng'ombe yenye madini, akamtajia na kiasi chake.

Baba mdogo Owor, mbishi kama kawaida yake, alisema binti asirudi kwa mume hadi fahali awe mweusi. Basi nikabaki. Kila asubuhi nilishuka kwenye ukungu, miguu imelowa umande, nikayafunua manyoya ya shingo ya fahali kwa vidole. Nyakati zile sasa nazikumbuka kama ndoto, sauti za ndege kwenye mafunjo, pumzi ya moto ya mnyama mkononi mwangu, na mimi nikimwomba Mungu rangi. Siku moja nikaona weusi, mwembamba, chini kabisa penye ngozi. Nikakaa chini kwenye majani mabichi, nikacheka peke yangu.

Weusi ulipopanda wa kutosha, baba alimwita Wandera. Akamfunulia manyoya ya fahali. "Angalia," akamwambia. "Hii ni ile yenu. Na huyu," akanielekezea kidole, "ni yule wetu. Nenda naye." Kisha akaninong'oneza kwa lugha yetu kwamba amenikosea. Sijamsikia baba akisema hivyo tena maishani mwake.

Sasa nisikilize. Kabla hujanunua hata ndama mmoja, upime udongo wa bonde lile, na nyasi zake pia. Usiige chumvi ya jirani, kwa sababu ardhi yake si yako. Chumvi yenye madini iweke chini ya kipaa, mvua isiiyeyushe, na usizidishe shaba, kwa maana ikizidi inaua. Kondoo wasiikaribie kabisa, wao shaba kidogo tu huwamaliza. Samadi nyingine irudi bondeni. Malisho yapumzike, ng'ombe wahame, na katikati ya nyasi upande majani jamii ya kunde. Ng'ombe akianza kulamba ukuta au kula udongo, anakuambia jambo, usimfukuze. Na mara mojamoja uondoke, ukatembee hata Mulanda, urudi uwatazame wanyama wako kama mgeni, na mke wako pia, ukishaoa. Mtu wako akionekana amebadilika, kwanza angalia unachomlisha, ndipo utafute mwizi.

Haya, nipe mkono. Mungu akupe udongo unaokumbuka fadhila, na mifugo inayozeeka na rangi iliyozaliwa nayo. Na atakayekuja kwako kama mke, asisimame hata siku moja mlangoni mwa jiko la mama yake akingoja watu waamue.